Citizenfour: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya Snowden na wanahabari waliochapa siri za NSA

Filamu hii ina zaidi ya miaka kumi sasa, na bado kila inapoonyeshwa mbele ya wanahabari au wanafunzi maswali ni yale yale. Tumeyaweka hapa na majibu yake, mengine marefu, mengine mafupi. Kama hujaitazama na hupendi kuharibiwa utamu, ruka swali la makaratasi ya Moscow.

Citizenfour inahusu nini hasa?

Ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2014, ya dakika 114, iliyoongozwa na Mmarekani Laura Poitras. Juni 2013 Poitras alijifungia katika chumba cha hoteli ya The Mira, Hong Kong, pamoja na Glenn Greenwald na Ewen MacAskill, wote wawili wakiliandikia gazeti la The Guardian. Walikuwa wakimhoji kijana wa miaka 29 aliyetoroka na nyaraka za siri za NSA, shirika la Marekani linalonasa mawasiliano ya dunia. Kijana huyo ni Edward Snowden, aliyekuwa akiifanyia NSA kazi huko Hawaii kupitia kampuni ya Booz Allen Hamilton. Kamera ilikuwa inazunguka kabla dunia haijalijua jina lake.

Wengi huiita filamu ya Snowden. Kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye dawati la habari, ni filamu kuhusu kugawana: nani apewe waraka upi, nani achape kwanza, jina la mtoa siri litangazwe lini, kipi kiachwe bila kuchapwa. Mambo ya ujasusi wenyewe ungeweza kuyasoma gazetini. Mabishano ya chumbani hukuweza kuyaona popote.

Je, ni ile filamu ya Oliver Stone?

Hapana. Ile ni ya 2016, ni ya kuigiza, na Snowden anaigizwa na Joseph Gordon-Levitt. Hii ni watu wenyewe, nguo zao wenyewe, woga wao wenyewe.

Jina hilo limetoka wapi?

Ndilo alilojiita Snowden alipomwandikia Poitras barua pepe za kwanza, Januari 2013. Poitras anazisoma kwa sauti yake mwanzoni mwa filamu. Kwa miezi kadhaa hakujua anaandikiana na nani: mzalendo, kichaa, au mtego wa serikali.

Kwa nini alimtafuta mtu wa filamu badala ya mhariri wa gazeti kubwa?

Kwa kweli alianza na Greenwald, Desemba 2012, kwa jina la Cincinnatus. Alimwomba aweke programu ya kufumba barua pepe ili waandikiane bila kusomwa. Greenwald, aliyekuwa akiishi Rio de Janeiro, aliona ni usumbufu akaacha. Habari kubwa kuliko zote za maisha yake ilikaribia kumponyoka kwa uvivu wa kuweka programu, na mwandishi anayemcheka aangalie kwanza simu yake mwenyewe.

Poitras hakuhitaji kubembelezwa. Baada ya filamu yake ya 2006 kuhusu Iraki chini ya majeshi ya Marekani, alikuwa akizuiliwa na kuhojiwa viwanja vya ndege kila arudipo nyumbani, hata vifaa vyake vikachukuliwa. Mwishowe alihamia Berlin ili picha zake zisipite tena mpaka wa Marekani. Kufumba mawasiliano kwake kulikuwa jambo la kila siku.

Kuhusu magazeti makubwa, Snowden alikuwa na kinyongo chenye sababu. Mwaka 2004 The New York Times lilikuwa tayari na habari kwamba NSA inasikiliza simu bila kibali cha mahakama. Serikali ya George W. Bush ikaomba isichapwe, na gazeti likaikalia zaidi ya mwaka mmoja. Ilitoka Desemba 2005, rais akiwa ameshachaguliwa tena. Mtu aliyeamua kuhatarisha maisha yake hawezi kupeleka mzigo mahali ambapo unaweza kulazwa stoo.

Alikuwa na intaneti. Kwa nini asimwage nyaraka zote mtandaoni, yakaisha?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ni zuri. Jibu lake limo kwenye filamu: Snowden anasema ana misimamo yake, na hataki misimamo hiyo iwe ndiyo inayoamua umma uone nini. Anataka waandishi wenye uzoefu wachuje, watenganishe lenye maslahi ya umma na lile litakalomweka mtu hatarini.

Mfano wa njia nyingine ulikuwa bado mbichi. Nyaraka za kibalozi za Marekani zaidi ya 250,000 zilizofika WikiLeaks, tovuti inayochapa nyaraka zilizovuja, zilianza kutolewa kidogo kidogo mwaka 2010 kwa kushirikiana na magazeti. Septemba 2011 zikaachwa zote wazi, majina ya watu waliozungumza kwa siri na mabalozi yakiwemo. Hata magazeti yaliyokuwa washirika yalilaani kitendo hicho.

Lakini kuna upande ambao filamu inaupita haraka. Ukiwaachia waandishi uamuzi, umewapa watu wachache madaraka makubwa ambayo hakuna aliyewachagua kuyashika. Tutalirudia hilo chini.

Nyaraka ziligawanywaje kati ya vyombo vya habari?

Hapa ndipo penye nyama.

Kabla ya Hong Kong, Poitras alikuwa amemwingiza Barton Gellman, akiiandikia The Washington Post. Snowden aliweka masharti: habari ya PRISM, mpango wa NSA wa kupata data kutoka kampuni za mtandao, itoke ndani ya saa 72, waraka uchapwe mzima, na pamoja nao itolewe alama ya siri ya kompyuta itakayothibitisha kwamba yeye ndiye chanzo. Gellman alikataa kutoa ahadi yoyote ya nini kitachapwa na lini. Snowden akamgeukia tena Greenwald. Gellman alikuwa na haki kabisa, kwani chanzo kikishapanga ukurasa wa mbele, mhariri amebaki karani. Hata hivyo utaratibu huo wa haki ndio uliomtoa kwenye chumba cha hoteli.

The Guardian nao hawakutaka kumwachia Greenwald peke yake. Walimtuma MacAskill, mwandishi mkongwe Mskochi, jambo ambalo Poitras hakulifurahia. Tazama kwa makini anapoingia chumbani. Wenzake wameshazama kwenye majina ya mipango ya siri, yeye anataka kujua huyu bwana anaitwa nani na alikuwa akifanya kazi gani. Maswali ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bila hayo hakuna gazeti ambalo lingethubutu kuchapa.

Kisha habari zikaanza kutoka. Juni 5 The Guardian lilichapa amri ya mahakama ya siri iliyoilazimisha kampuni ya simu ya Verizon kukabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku. Juni 6 The Guardian na The Washington Post yote yalichapa PRISM, kwa hiyo Post halikukosa kabisa. Juni 9 Snowden akajitokeza kwa jina na sura. Baada ya hapo mgawo ukapanuka: Der Spiegel la Ujerumani, ambalo Poitras aliliandikia, likaeleza jinsi ofisi za Umoja wa Ulaya zilivyotegeshewa vinasa sauti, nchini Brazili ikawa O Globo, Ufaransa ikawa Le Monde.

Sababu za kugawa hazikuwa ukarimu. Uingereza haina katiba inayolikinga gazeti kama ile ya Marekani, na serikali inaweza kwenda mahakamani kuzuia habari kabla haijachapwa. Shinikizo lilipozidi London, The Guardian lilizigawa nyaraka za shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, kwa The New York Times na shirika la habari la ProPublica. Septemba 5, 2013 wote watatu walitoa pamoja habari ya namna NSA na GCHQ wanavyovunja mifumo ya kufumba mawasiliano. Ndiyo, ni The New York Times lile lile ambalo Snowden hakuliamini. Siasa za chumba cha habari zina kejeli zake.

Ubaya wa mgawo ni kwamba kila gazeti lilichota linaloigusa nchi yake. Wajerumani walisoma kuhusu simu ya kansela wao wa wakati huo, Angela Merkel, Wabrazili kuhusu rais wao wa wakati huo, Dilma Rousseff, na kampuni ya mafuta ya Petrobras. Msomaji wa kawaida hakupata picha nzima mahali pamoja, akachoka.

Ni kweli Greenwald aliziuza siri hizo?

Februari 2014 Mike Rogers, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, alidokeza hivyo, akifananisha na kuuza mali ya wizi. Kilichofanyika ni kwamba Greenwald aliandika habari pamoja na waandishi wa nchi mbalimbali kwa mikataba ya kawaida ya mwandishi wa kujitegemea, na kulipwa kwa kazi hiyo. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari si mwizi. Pia kama angewapa nyaraka bila yeye kuwemo kwenye kazi, angeonekana kama mgawaji wa siri asiye na kinga yoyote ya kisheria. Kulipwa ndiko kulikomfanya abaki mwandishi.

Kwa ufupi, ni nini kilichofichuliwa?

Kwamba NSA ilikuwa inakusanya kwa jumla kumbukumbu za simu za Wamarekani: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Kwamba kupitia PRISM ilipata data kutoka kampuni tisa za mtandao, Google, Facebook, Microsoft na Apple zikiwemo (zenyewe zilikana kutoa mlango wa moja kwa moja). Kwamba GCHQ, kwa mpango wa Tempora, ilijiunganisha na nyaya za chini ya bahari na kuchota kinachopita.

Uzito wa haya unaonekana ukikumbuka kwamba Machi 12, 2013, mkuu wa ujasusi wa Marekani James Clapper aliulizwa na Seneta Ron Wyden kama NSA inakusanya data yoyote ya mamilioni ya Wamarekani. Alijibu hapana, si kwa makusudi. Kipande hicho kimo ndani ya filamu.

Afrika Mashariki inaingiaje?

Kwa Kenya, moja kwa moja. Mei 2014, The Intercept, chombo ambacho Greenwald na Poitras walikianzisha na wenzao, kilieleza mpango uitwao MYSTIC. Katika Bahamas, NSA ilikuwa ikirekodi karibu kila simu ya mkononi, maneno yenyewe, na kuyahifadhi kwa muda. Mexico, Ufilipino na Kenya zilitajwa kuwa nchi ambazo kumbukumbu za simu zao zilikuwa zikikusanywa. Kulikuwa na nchi ya tano ambayo wahariri walikataa kuitaja wakihofia umwagaji damu. Siku chache baadaye WikiLeaks wakaitaja kuwa Afghanistan. Mjadala ule ule wa kuchuja au kumwaga, safari hii ukiwa na jina la Kenya kwenye ukurasa.

Mambo haya ya Mei 2014 hayamo kwenye filamu, na yalipita Nairobi bila kelele nyingi. Kati ya watazamaji wetu, wengi huyasikia kwa mara ya kwanza hapa.

Na Kenya ilishaujua mchezo wa nyaraka zilizovuja kugawanywa kwa wanahabari. Agosti 2007, ripoti ya kampuni ya uchunguzi ya Kroll kuhusu mali zilizodaiwa kuporwa enzi za Daniel arap Moi ilifika WikiLeaks na kutoka kwenye The Guardian. Ilikuwa imekaa kwa serikali ya Mwai Kibaki tangu 2004.

Kuna mwangwi mwingine, wa Wasomali. Serikali ya Marekani ilipobanwa itaje kesi ambayo ukusanyaji wa jumla wa kumbukumbu za simu ulisaidia, iliishia kutaja kesi ya San Diego, ya Wasomali wanne waliotiwa hatiani mwaka 2013 kwa kuipelekea al-Shabaab fedha. Septemba 2020 mahakama ya rufaa ilikataa kufuta hatia yao, lakini ikasema mpango wenyewe ulikiuka sheria, na kwamba viongozi waliosifu mchango wake katika kesi hiyo hawakuendana na kumbukumbu za siri.

Serikali ziliwafanya nini wanahabari?

Julai 20, 2013, katika chumba cha chini cha ofisi za The Guardian, London, wahariri walisagasaga kompyuta zao wenyewe kwa mashine huku maofisa wa GCHQ wakiwasimamia. Kila mtu chumbani alijua nakala zipo New York. Filamu inaonyesha picha za tukio hilo, na ni vigumu kutocheka.

Kisha Agosti 18, David Miranda, mwenzi wa Greenwald, alizuiliwa uwanja wa ndege wa Heathrow kwa karibu saa tisa chini ya sheria ya ugaidi, na vifaa alivyobeba vikachukuliwa. Alikuwa akitoka Berlin kwa Poitras kurudi Rio. Januari 2016 mahakama ya rufaa ilisema kumzuia kwake kulikuwa halali kwa sheria ilivyoandikwa, lakini sheria yenyewe haikuwakinga wanahabari inavyotakiwa na mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya.

Upande wa zawadi, The Guardian la Marekani na The Washington Post yalipata Pulitzer ya utumishi kwa umma mwaka 2014. Filamu ikapata Oscar Februari 2015.

Filamu inapendelea upande mmoja?

Ndiyo. Poitras ni mshiriki wa tukio analolirekodi, na hajifichi. Hakuna ofisa wa NSA anayekaa kitini kujibu. Hoja kwamba baadhi ya nyaraka zilihusu ujasusi wa kawaida kwa nchi za nje, usio na uhusiano na haki za raia, haipewi nafasi. Mtazamaji makini ataliona pengo hilo, na sioni ubaya wa kulitaja huku ukiisifu filamu.

Snowden yuko wapi sasa?

Urusi. Juni 14, 2013 alifunguliwa mashtaka matatu, mawili yakitokana na Sheria ya Ujasusi ya Marekani ya 1917, sheria isiyomruhusu mshtakiwa kujitetea kwamba alitenda kwa maslahi ya umma. Juni 23 aliruka kutoka Hong Kong kwenda Moscow, pasipoti yake ikiwa imefutwa, akakwama uwanja wa ndege wa Sheremetyevo hadi Agosti 1 alipopewa hifadhi. Septemba 2022 Vladimir Putin alimpa uraia. Wanaomshutumu hutumia hilo kama ushahidi. Wanaomtetea hukumbusha ni nani aliyeifuta pasipoti yake.

Makaratasi ya Moscow mwishoni yana maana gani?

Greenwald amemtembelea Snowden. Badala ya kusema, anaandika kwenye vipande vya karatasi, kwa kuwa kuta zina masikio. Anamjulisha kwamba kuna mtoa siri mwingine, anayezungumzia mashambulizi ya ndege zisizo na rubani na mawasiliano yanayopitia kambi ya Ramstein, Ujerumani. Kisha vipande vinachanwa. Binafsi naona tukio hilo lina maonyesho kidogo: unaficha karatasi huku kamera inarekodi. Lakini linaonyesha habari ikizaa habari.

Nyaraka zote zimeshachapwa?

Hapana, sehemu tu. Machi 2019 The Intercept ilifunga kitengo chake kilichotunza hazina hiyo, kwa maelezo ya gharama na vipaumbele. Poitras alipinga hadharani. Hili ndilo lile la madaraka nililoahidi kulirudia: kuchuja kwa uangalifu kulilinda watu, na pia kulifanya siri za serikali zigeuke kuwa siri za kampuni ya habari.

Mimi ni mwandishi Dar es Salaam au Nairobi. Nikiletewa waraka wa siri, nifanye kama wao?

Usifanye chochote kabla ya kuongea na mwanasheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na adhabu zake si za mchezo. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Gazeti si mamlaka hiyo. Kenya ina ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, lakini Sheria ya Siri za Serikali nayo bado ipo. Kumlinda chanzo nako kuna bei: Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 na kupandishwa kizimbani baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake.

Na usalama wa waraka si programu pekee. Mwaka 2017 The Intercept ilionyesha nakala ya waraka wa NSA kwa maofisa ili kuuthibitisha. Nakala ilikuwa na mikunjo iliyoonyesha kwamba imechapishwa kwenye karatasi, na NSA ikaangalia nani aliwahi kuuchapisha. Walikuwa watu sita. Mtoa siri, Reality Winner, alifungwa miaka mitano na miezi mitatu. Ni chombo kile kile kilichoanzishwa na watu wa chumba cha Hong Kong.

Inachosha?

Nusu saa ya kwanza ni ya taratibu. Vumilia hadi hotelini, kisha usitoke hata kwenda kuchukua maji.

Sina saa mbili. Nifanyeje?

Tafuta mahojiano ya dakika 12 ambayo Poitras alimrekodi Snowden chumbani humo na The Guardian likayatoa Juni 9, 2013. Utamfahamu Snowden. Wanahabari wakibishana nini kitoke kesho na nini kisubiri hutawaona humo, na kwa hilo itabidi utenge jioni nzima.